Kila Jumamosi Alfajiri Nilikuwa kwa Nani?

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa huu mnategemea stori ya shoga yangu fulani, au ya dada mmoja wa Sinza ambaye mumewe kabadilika. Leo hapana. Miaka yote naanika nguo za wenzangu, mwezi huu naanika zangu.

Ilikuwa Jumapili jioni. Neema keshalala, mimi niko jikoni nakata mchicha. Baba Neema akaja akasimama mlangoni, mikono mfukoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo katika miaka tisa ya ndoa sijawahi kuisikia:

"Mama Neema, huyo mtu anaitwa nani?"

"Mtu gani?"

"Wa Jumamosi."

Kisu nikakiweka chini. Nilijua anaongelea nini, na nilijua pia kwamba jibu la kweli litasikika kama uongo mbaya kuliko uongo wenyewe.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa natoka nyumbani kila Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri. Nyumbani nilikuwa nasema naenda ofisini kufunga kurasa. Jarida la mwezi lina wiki moja ya kufunga kurasa, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza akifikiria kidogo atalijua. Mimi nilikuwa nafunga wiki zote nne! Ukweli ni kwamba nilikuwa natembea kwa miguu mjini, kamera shingoni, napiga picha za treni.

Treni, ndiyo. Cheka ukimaliza tuendelee.

Yote yalianzia kwenye foleni. Asubuhi moja daladala yetu ilisimama Kamata kupisha treni. Abiria wanasonya, konda analalamika kwamba hesabu ya tajiri haitatimia, dereva kazima gari. Mimi nimekaa dirishani. Treni ya mizigo ikawa inapita taratibu, mabehewa yamejaa vumbi la bara, na kule juu kwenye reli ya daraja ikapita treni mpya ya umeme, safi, haina hata moshi. Zote mbili kwa mara moja, ya chini inakwenda huku na ya juu inakwenda kule. Nikatoa simu haraka, nikapiga. Picha yenyewe ilitoka mbaya, nusu yake ni kichwa cha konda. Lakini wiki nzima nikawa naiangalia kila nikipata nafasi, hata katikati ya kikao.

Mimi nimesomea mawasiliano ya umma, na chuoni tulifundishwa kupiga picha muhula mmoja. Nilikuwa naipenda kweli ile kazi. Kisha maisha yakaja na mambo yake, na kamera ikaishia kabatini chini ya masanduku, pamoja na gauni la harusi na vyeti vya kliniki vya Neema. Jumamosi iliyofuata nikaitoa.

Hebu nikwambie kitu ambacho nilikuwa sikijui mpaka nilipoanza kutembea. Dar es Salaam yetu hii ina reli za aina tatu, na kila moja ina upana wake. Ya kwanza ni ile ya Wajerumani, Reli ya Kati. Ilianza kujengwa hapa mjini mwaka 1905, mwaka 1907 ikafika Morogoro, 1912 ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikagusa Kigoma. Upana wake ni milimita 1,000, yaani mita moja kamili. Ya pili ni TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kilomita 1,860 kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Hiyo ina upana wa milimita 1,067, ili ilingane na reli za huko kusini. Ya tatu ni SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na safari za Dodoma zikafuata mwaka huo huo. Hiyo ina milimita 1,435.

Sasa angalia hapo. Tofauti kati ya Reli ya Kati na TAZARA ni milimita 67 tu, vidole vyako vitatu au vinne hivi. Lakini kwa hizo milimita 67, behewa la huku haliwezi kuingia kule. Ndiyo maana kule Kidatu reli hizi mbili zinapokutana kulijengwa kituo cha kuhamishia mizigo. Unashusha huku, unapakia kule. Hili jambo lishike, nitalirudia.

Basi nikawa na njia yangu. Naanzia Stesheni, pale ambapo jengo la zamani na lile jipya la vioo yanatazamana kama bibi na mjukuu wake aliyetoka saluni. Natembea Gerezani, nafika Kamata, nakwenda Ilala, nguvu zikiwepo nafika Buguruni. Jumamosi nyingine naanzia TAZARA, lile jengo kubwa la Mchina lenye ukumbi mrefu, nazunguka nalo kutafuta pembe nzuri. Saa tatu asubuhi niko nyumbani, nimenunua na samaki, mke mwema!

Kwa wale ambao mikono imeanza kuwasha, naomba niwape machache niliyojifunza. Kamera kubwa si lazima, simu yako inatosha kuanzia.

Kwanza, mwanga. Hapa kwetu jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12 na nusu na ushee, kutegemea mwezi. Na jua letu halina subira. Likishapanda kidogo tu, ule mwanga laini wa dhahabu umekwisha, linabaki jua la kuanikia dagaa. Kwa hiyo uwe umeshafika kabla yake. Reli ikiwa imelowa umande au mvua, mwanga ule wa kwanza unaifanya ing'ae kama mkufu.

Pili, mwendo. Treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa inasogea mita 11 kila sekunde. Ukitaka isimame kabisa kwenye picha, weka kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi. Katika muda huo inasogea kama sentimita mbili tu, jicho halitaona. Lakini ukitaka watu wausikie mwendo wake, weka sehemu moja ya 30, ifuate treni kwa kamera kuanzia mbali, zungusha kiuno taratibu kama uko kwenye rusha roho, na ubonyeze bila kusimama. Treni itatulia, nyumba na nguzo nyuma yake zitakuwa mistari. Utaharibu picha 30 kabla ya kupata moja. Mimi niliharibu kama 100.

Tatu, watu. Kuna Mmarekani mmoja aliyeitwa O. Winston Link. Kati ya mwaka 1955 na 1960 alizunguka usiku kupiga picha za treni za mvuke zikiwa zinaelekea kustaafishwa, akiwasha taa nyingi za mweko kwa pamoja. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya mwaka 1956, ya sinema ya uwanjani, ile ambayo watu hutazama wakiwa ndani ya magari. Mbele kuna kijana na msichana wake kwenye gari la wazi, wanatazama filamu. Pembeni yao treni kubwa inapita inatoa moshi mweupe usiku kucha, na wao hata hawageuki. Nilipoiona nikaelewa kosa langu. Mimi nilikuwa nawasubiri watu watoke ndipo nipige treni. Toka siku hiyo nawasubiri waingie: mama wa maandazi, mtoto wa shule na begi lake, mzee anayesukuma baiskeli. Ila omba kwanza. Mtu si nguzo, ana sura yake na ana heshima yake.

Nne, ruhusa. Ndani ya stesheni na kwenye maeneo ya reli usijifanye mtalii. Nenda ofisini, jieleze, uombe. Siku yangu ya kwanza mlinzi mmoja alinitoa na kamera yangu mbele ya watu, na kusema kweli alikuwa na haki, sikumuuliza mtu. Barabarani na kwenye vivuko vya waenda kwa miguu unapata picha nzuri tu bila kugombana.

Tano ndiyo kubwa kuliko zote, na hapa ndipo stori yangu inarudi jikoni kwenye mchicha.

Usisimame kwenye reli. Hata moja, hata kwa sekunde tano, hata kama reli hiyo haijapita kitu tangu jana. Na ile ya umeme ina nyaya za volti 25,000 juu yake, usiinue kitu chochote kuelekea huko. Wewe unadhani utaisikia treni ikija. Hutaisikia.

Nasema kwa sababu yalinikuta. Jumamosi moja, upande fulani wa mji, nilipiga goti katikati ya mataruma nipate ile picha ambayo reli mbili zinakwenda mbali mpaka zinakuwa kitu kimoja. Nimefumba jicho moja, jingine liko kwenye kamera, kichwa kizima kimehamia huko. Ghafla mkono ukanishika begani ukanivuta kwa nguvu, nikaanguka kwenye kokoto, goti likachanika. Alikuwa mama mmoja anayeuza mihogo. Nyuma yangu mabehewa matatu matupu yakapita, yanasukumwa kinyumenyume, polepole, karibu bila kelele. Kichwa cha treni kilikuwa kule mwisho, kwa hiyo mngurumo wake ulikuwa mbali.

"We dada," akaniambia, anatetemeka kuliko mimi, "nyumbani kwako wanajua uko huku?"

Nikasema ndiyo. Hata yeye nilimdanganya.

Nyumbani nikasema nimejikwaa kwenye ngazi za ofisi. Baba Neema akaniosha kidonda mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akipuliza kama anavyompulizia Neema. Kokoto ndogo nyeusi akaitoa kwa kibano. Akaiangalia. Hakusema kitu.

Ofisini kwetu, kama ofisi nyingi, ngazi zina vigae.

Kumbe kuanzia siku ile alianza kuhesabu. Jumamosi iliyofuata akaenda ofisini kwetu kuniletea chai, au alisema ni chai. Mlinzi akamwambia, "Bosi, huyu mama Jumamosi hatumwoni kabisa." Wiki tatu alikaa na jambo hilo kifuani. Wiki tatu tunakula pamoja, tunaangalia taarifa ya habari pamoja, mimi sina habari.

Basi Jumapili ile sikujibu kwa mdomo. Nilinawa mikono, nikaenda kuleta kompyuta, nikaiweka mezani juu ya kitambaa, nikafungua. Picha zaidi ya 600. Treni ya mizigo, treni ya abiria, mchongoko wa umeme, treni upande, treni mbele, treni usiku, reli tupu, mataruma, kibendera. Nikazipitisha moja baada ya nyingine. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Treni?" akauliza.

"Treni."

Nilidhani atacheka. Nilikuwa nimejiandaa atacheke, ndiyo sababu yenyewe ya kuficha! Hakucheka. Akakasirika kuliko alivyokuwa amekasirika kabla hajaziona.

"Mwanaume ningejua cha kumfanya," akasema. "Treni niifanye nini?" Kisha akakaa kimya, halafu akasema lile neno ambalo mpaka leo naliogopa: "Kumbe unaweza kunidanganya hata pasipo na sababu."

Nikajitetea, si unatujua. Nikasema nilitaka kitu changu peke yangu. Nikasema toka nimeolewa kila saa yangu ina mwenyewe, kila shilingi ina kazi, mimi ni mama Neema, ni mhariri, ni wifi wa watu, ni shemeji wa watu. Saa tatu zile za Jumamosi nilikuwa sina cheo. Na ningesema, ungetoka utani, ungetoka ushauri, mwisho ungetoka msururu wa "kwani hizo picha zinalipa?"

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Hilo ungeniambia, ningekuachia. Lakini lile goti. Si ngazi, siyo?"

Nikamweleza. Mihogo, mabehewa, kila kitu.

Sijawahi kumwona Baba Neema analia na sikumwona siku hiyo. Ila alitoka nje akasimama uani muda mrefu. Aliporudi akasema taratibu, "Ungegongwa kule, mimi ningekwenda kukutafuta ofisini. Ningekaa pale getini nagombana na mlinzi, na wewe uko relini, hakuna anayekujua jina."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo niliponyamaza kweli. Kila siku kwenye kurasa hizi tunaandika kwamba uongo ni mbaya kwa sababu unavunja uaminifu. Ni kweli, unavunja. Lakini kuna jambo lingine ambalo hata mimi mwandishi sikuwa nimeliona: uongo unakuacha peke yako mahali ambapo hakuna mtu anajua pa kukutafuta.

Tulikaa kama mwezi tunaongea ya mtoto na ya ada tu. Jumamosi sikutoka. Halafu Ijumaa moja usiku, taa zimezimwa, nikasikia, "Kesho saa ngapi?"

"Saa 11 na nusu."

"Mh. Watu wengine mnapenda shida."

Alikuja. Alikuja na mwavuli na uso wa mtu aliyepelekwa kwa nguvu kwenye kikao cha ukoo. Gerezani hakusema kitu. Nilipiga picha zangu, yeye anatazama saa. Tukarudi mpaka mbele ya lile jengo la zamani la Stesheni, akasimama. Akaniambia, "Mimi mji huu niliuingilia hapa."

Nikashusha kamera.

Akanisimulia kwamba alikuja na mjomba wake kutoka Tabora akiwa na miaka minane, wamebeba dumu la asali la kumletea shangazi. Treni ilikwama njiani, wakalala humo humo, na usiku ule ndipo mjomba alipomwambia kwamba baba yake hatawafuata, amekwisha fariki. Aliingia Dar es Salaam yatima, dumu la asali mapajani. Pale, mlangoni.

Miaka tisa ya ndoa. Nilijua kafiwa na baba akiwa mdogo. Hayo mengine sikuyajua, kwa sababu sikuuliza na yeye hakusema. Kumbe na yeye alikuwa na Jumamosi yake.

Nilimwomba nimpige picha pale mlangoni. Alikataa. Akasema labda siku nyingine. Sikumlazimisha, na siku hiyo nyingine bado haijafika.

Sasa usinielewe vibaya, sisemi tumekuwa njiwa wawili. Treni hazimpendezi hata kidogo. Siku akija, anakaa kwa mama wa chapati na gazeti lake, mimi nazunguka, tukimaliza tunarudi. Siku asipokuja, natuma ujumbe kila nikihama sehemu: niko Kamata, niko Ilala, narudi. Na kuna Jumamosi anapiga simu ghafla, bila sababu, anasikiliza tu kama kuna mlio wa treni nyuma yangu. Najua anafanya nini. Napokea, sikasiriki. Nilichokivunja mwaka mzima siwezi kudai kirudi kwa wiki mbili.

Nilikuahidi nitarudi kwenye zile milimita 67. Mimi na Baba Neema ni watu wa mji mmoja, nyumba moja, kitanda kimoja. Mtu akitutazama kwa mbali angeapa upana wetu ni mmoja. Si mmoja, na sidhani kama utakuja kuwa mmoja. Yangu hayawezi kuingia kwake yakiwa juu ya magurudumu yake, na yake vivyo hivyo. Lazima pawepo mahali pa kushusha na kupakia, kwa mikono, kifurushi kimoja kimoja. Sisi kwetu ni pale kwa mama wa chapati, saa mbili na nusu asubuhi.

Wewe na wa kwako mnashushia wapi? Kama una kitu chako unachokipenda, kiwe bustani, kiwe kwaya, kiwe mpira, kiwe hata treni, kaa nacho, ni haki yako. Usiombe radhi kwa kukipenda. Lakini leo, kabla hamjalala, mwambie mtu mmoja kina jina gani na unakifanyia wapi.

Halafu yule mama wa mihogo nimemrudia. Nilimpelekea picha yake, nimeisafisha na kuitia fremu. Akaitazama, akaniuliza lile lile swali lake.

Safari hii nikamwambia ndiyo, na nikamwonyesha aliyekaa kule na mwavuli.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane, na muambiane.